Printa Isiyoonekana Kwenye Mtandao

Mwenye steshenari mjini Ilula aweza kukuta printa haichapi baada ya umeme kukatika na kurejea, ilhali si mbovu. Ruta hukipa kila kifaa anwani kwa muda maalumu, kwa utaratibu uitwao DHCP. Ikiwashwa upya, printa iliyokuwa 192.168.1.20 huenda ikapewa 192.168.1.23, huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kwenye anwani ya zamani.

Kabla ya kumlipa fundi au kununua printa nyingine:

1. Chapisha ukurasa wa taarifa za printa, usome namba yake ya MAC.
2. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uitengee namba hiyo anwani moja ya kudumu.
3. Zima printa na kuiwasha, kisha iunganishe upya na kompyuta kwa anwani hiyo.

Nywila ya ruta ni siri yako. Fundi akiitumia, ibadilishe.