SOMO LA REDIO: MOTO WA MOTAKAA NA HAKI YA ALIYEUNGUA

Maneno ya kujifunza kabla ya somo

Kasoro: ubaya au upungufu uliomo katika kitu.
Uzembe: kukosa uangalifu unaompasa mtu.
Mdai: mtu anayepeleka madai mahakamani.
Mdaiwa: mtu au kampuni inayodaiwa.
Fidia: malipo anayopewa mtu kwa ajili ya hasara au maumivu aliyoyapata.

Somo lenyewe

 

Tunayo methali isemayo, “Ajali haina kinga.” Motakaa ikiwaka moto njiani na watu wakaungua, mara nyingi hayo ndiyo maneno tunayoyasikia. Watu huhurumia, huzika, kisha hunyamaza. Lakini si kila moto ni ajali tu. Pengine moto ulikuwa umekwisha kuandaliwa tangu siku ile gari lilipotengenezwa kiwandani. Ikiwa hivyo, sheria humpa aliyeungua njia ya kudai haki yake. Leo tutazitazama njia hizo kwa kufuata kesi moja mashuhuri ya Marekani.

Mwaka 1972, katika jimbo la California, mwanamke mmoja alikuwa akiendesha gari dogo aina ya Ford Pinto. Gari lilikuwa jipya, la miezi sita tu. Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 13, abiria wake. Katika barabara kuu injini ilizimika. Gari lingine likaja likaligonga kwa nyuma, kwa mwendo uliokadiriwa kuwa kati ya maili 28 na 37 kwa saa, yaani kama kilometa 45 hadi 60. Mara Pinto ikawaka moto. Mwanamke yule alikufa siku chache baadaye. Kijana alipona, lakini aliungua vibaya uso na mwili, akapasuliwa na madaktari mara nyingi.

Basi, nani mwenye kosa? Mtu angeweza kusema, “Ni yule aliyegonga.” Lakini mawakili wa kijana waliuliza swali lingine: kwa nini gari liwake moto kwa kugongwa hivyo?

Mahakamani mambo yakafunuliwa. Tangi la petroli la Pinto liliwekwa nyuma kabisa, kati ya ekseli ya magurudumu ya nyuma na bampa. Gari likigongwa, tangi lilisukumwa mbele likatobolewa na vyuma, na petroli ikamwagika. Kampuni yenyewe ilikuwa imejaribu kuyagongesha magari ya namna hiyo kabla ya kuyauza, ikaona kuwa petroli huvuja hata kwa mwendo wa maili 21 hivi kwa saa. Ilielezwa pia kwamba kuimarisha sehemu ya nyuma kungegharimu dola 15 na senti 30 kwa kila gari, na tangi lingestahimili mgongano kama ule. Kampuni haikufanya hivyo.

Mwaka 1978 raia walioketi kuamua kesi hiyo walimpa kijana fidia ya dola zaidi ya milioni 2 na nusu. Juu ya hiyo wakaongeza dola milioni 125 kama adhabu kwa kampuni. Jaji aliipunguza adhabu ikawa dola milioni 3 na nusu. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ilikubali uamuzi huo. Warithi wa mwanamke aliyekufa nao walipewa fidia yao.

Hebu sasa tuzipange njia zenyewe.

Njia ya kwanza ni ya aliyeumia kumdai mwenye kiwanda. Angalieni jambo hili: kijana yule hakulinunua gari. Alikuwa abiria tu, lakini alisikilizwa. Huko Uingereza msingi wa namna hiyo uliwekwa mwaka 1932, katika kesi iliyotoka Scotland. Mwanamke mmoja alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, akaona konokono aliyeoza ndani ya chupa. Waamuzi wakasema kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia hata mtumiaji asiyepatana naye bei. Sheria ya Uingereza iliingia Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni, na msingi huo ungali ukitumika katika mahakama zetu.

Njia ya pili ni ya mnunuzi kumdai muuzaji. Kuuza ni mapatano. Mfanyabiashara auzaye gari hupaswa kutoa kitu kinachofaa kazi yake, na gari linalowaka moto lenyewe halifai. Kumbukeni pia fundi. Akiunganisha waya vibaya au akiacha bomba la petroli likivuja, basi kosa ni lake, wala si la kiwanda.

Njia ya tatu ni ya jamaa za marehemu. Mtu akifa, madai hayafi pamoja naye. Mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea waweza kudai.

Njia ya nne ni ya Serikali. Serikali yaweza kuagiza magari yenye kasoro yarudishwe yakatengenezwe. Mwaka 1978, baada ya wakaguzi wa Serikali ya Marekani kutoa maoni yao, Ford iliita magari milioni 1 na nusu, nayo yakawekewa kinga ya plastiki penye tangi. Ukisikia gari la namna yako linaitwa, lipeleke bila kukawia. Katika Tanzania Bara, mnunuzi aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani. Kenya nayo ina sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012.

Serikali yaweza pia kushitaki kwa jinai, lakini njia hiyo ni ngumu. Wasichana watatu waliungua katika Pinto wakafa, katika jimbo la Indiana mwaka 1978. Kampuni ilishitakiwa, na mwaka 1980 ikaachiliwa. Katika jinai yapasa kuthibitisha pasipo shaka. Katika madai ya fidia yatosha kuonyesha kwamba jambo limeelekea zaidi kuwa kweli.

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Haki hiyo yaweza kupotea katika juma la kwanza, kabla hata hujamwona wakili. Hupoteaje? Hupotea gari lililoungua linapouzwa kama chuma chakavu. Gari hilo ndilo shahidi wako mkuu. Tangi lililotoboka na waya ulioyeyuka vitamwambia fundi mjuzi moto ulianzia wapi. Ukiliuza, shahidi wako amekwenda kuyeyushwa akawa sufuria.

Kwa hiyo, motakaa ikiwaka moto, kwanza okoeni watu. Kisha fanyeni haya:

1. Toeni habari polisi, mpate taarifa yao iliyoandikwa.
2. Msiuze mabaki ya gari, wala msiyatengeneze. Yafunikeni, mpige na picha.
3. Wekeni karatasi za hospitali na stakabadhi zote za dawa, za kununua gari na za fundi. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.”
4. Andikeni majina ya walioona.
5. Msitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi ya bima au ya kampuni kabla ya kusomewa na mtu mnayemwamini. Pengine imeandikwa kwamba mmeridhika na hamtadai tena.
6. Mwoneni wakili mapema. Kenya tangu 2016 na Tanzania Bara tangu 2017 zina sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na fedha.

Tena msikawie. Kenya na Tanzania Bara, madai ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, na madai ya mapatano ndani ya miaka 6. Muda ukipita, hata mwenye haki aweza kufungiwa mlango.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini abiria asiyenunua gari aweza kumdai mtengenezaji?
2. Moto ukianzia kwenye waya uliofungwa na fundi, utamdai nani?
3. Jirani yako anataka kuuza mabaki ya gari lililomwunguza mwanawe. Utamwambia nini?
4. Andika majina ya karatasi 3 zinazopasa kuwekwa.

Haya, wasikilizaji, someni tena polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Kwaherini mpaka somo lijalo.