Kiangazi cha Diepsloot si Kiangazi cha Mwanza

Wanafunzi wapya kutoka Kanda ya Ziwa, wawe wa Mwanza, Bukoba, Kisumu au Jinja, wakipata chumba cha bei nafuu Diepsloot au wakipangiwa kwenda huko kwa utafiti, wengi wana kauli moja: "Sisi watu wa joto bwana, Joburg itatufanya nini?" Wanafungua intaneti, wanaona kwamba mwezi Januari joto la mchana Johannesburg ni wastani wa nyuzi 26 hivi, Kisumu ni kama 30, basi hesabu imekwisha. Namba zenyewe ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba hazikuelezi joto utakaloishi nalo wewe pale chumbani.

Tuanze na neno lenyewe, maana linapotosha watu wengi. Kwetu kiangazi ni wakati wa jua bila mvua. Ukisema kiangazi Mwanza, mtu anaelewa Juni mpaka Septemba, nyasi zimekauka, vumbi tupu. Sasa huku joto na mvua vinakuja pamoja, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ukavu unakuja Juni hadi Agosti, wakati wa baridi kali. Kwa hiyo anayetafsiri "summer" ya huku kuwa kiangazi, halafu akaacha mwavuli nyumbani, mvua ya jioni itamfundisha.

Jua nalo lina tabia yake. Diepsloot iko kama nyuzi 26 kusini mwa Ikweta, na Desemba mchana jua linakaribia kabisa kuwa utosini. Halafu halizami mapema: mchana wa Desemba unafikia karibu saa 13 na dakika 45. Kisumu na Mwanza mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Yaani ardhi ya huku inapata saa moja na nusu zaidi ya kuokwa kila siku. Ongeza na mwinuko, ambapo hewa ni nyepesi na jua linachoma ngozi hata kama upepo ni wa baridi. Wapo waliodhani hawaungui kwa sababu hawatoki jasho!

Hapo kwenye mwinuko pana jambo la kupendeza. Johannesburg katikati ya mji iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Ukifuata barabara ya R511 kwenda kaskazini unateremka, unaikuta Diepsloot ikiwa chini zaidi, na ukiendelea unafika bwawa la Hartbeespoort, lililojengwa miaka ya 1920, ambalo liko karibu mita 1,160. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Yaani ukisimama ukingoni mwa Hartbeespoort uko karibu kimo kile kile cha mtu aliyesimama Kirumba au Dunga! Kwa kawaida ukishuka mita 100 hewa inaongezeka joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, na mchana mkavu wa jua kali inaweza kufika karibu nyuzi moja. Ndiyo maana siku ambayo watu wa katikati ya mji wanasema hali ni nzuri, Hartbeespoort watu wanatafuta kivuli, na Diepsloot iko katikati ya hao wawili. Kwa hiyo ukitaka kujua joto la Diepsloot usisome vipimo vya uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, ulio mita 1,694. Soma vya Lanseria, ulio jirani na una mita 1,377.

Kama kimo ni kile kile, mbona Hartbeespoort haina hali ya hewa ya Kisumu? Hapo ndipo ukubwa wa maji unapoingia. Bwawa lina kilomita za mraba 20 hivi. Ziwa Victoria lina karibu 68,800. Bwawa linapoza watu wa ufukweni tu, basi. Ziwa letu linatengeneza hali yake lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa ziwa unaomwokoa mtu wa Kisumu mchana. Usiku mambo yanageuka, hewa iliyopoa inatoka nchi kavu kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ambako maji bado yana nyuzi 24 au 25. Inapokutana haina pa kwenda ila juu, ndipo radi za usiku zinazowaua wavuvi wetu.

Na hata humo ziwani hakuna hali moja. Bukoba inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha alfajiri na asubuhi, kwa kuwa pepo za mashariki zinasukuma mawingu ya usiku kuelekea upande ule. Musoma, upande wa pili wa maji hayo hayo, inapata chini ya nusu ya hizo, maana upepo unaoifikia umetoka nchi kavu ya Serengeti. Kisumu mvua inapenda alasiri na jioni, upepo wa ziwa unapopanda milima ya Nandi, na ukifika Kericho unakuta mojawapo ya sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi natoka ziwani, najua joto", muulize kwanza: ziwani upande gani?

Diepsloot haina maji makubwa ya kuipoza. Kinachoipoza ni radi. Ardhi inaokwa asubuhi nzima, unyevu uliotoka Bahari ya Hindi na nchi za kaskazini unapanda, na kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni mawingu yanapasuka. Joto linaweza kushuka nyuzi 10 kwa muda mfupi. Mvua zisipokuja, kama mwaka wa El Niño, hakuna cha kuokoa: Januari 2016 Pretoria ilipita nyuzi 40.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni paa. Kipimo cha hali ya hewa kinachukuliwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani, mahali pa wazi. Hakuna anayeishi ndani ya kisanduku hicho. Diepsloot, iliyoanza miaka ya 1990 kama kituo cha muda cha watu waliohamishwa, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 138,000 katika sensa ya 2011, kwenye eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Miti ni ya kuhesabu. Wengi wako kwenye vibanda vya mabati bila dari, mkhukhu kama wenyeji wanavyoviita. Bati likipigwa na jua linakuwa moto kupita hewa yenyewe, halafu linamwaga joto hilo ndani. Jirani kabisa, Dainfern, kuna matofali, dari, majani na miti. Hewa ni moja, mwinuko karibu ni mmoja, lakini mtoto mchanga na mzee aliyelala chini ya bati saa nane mchana hayuko kwenye "nyuzi 28" zilizosomwa redioni.

Bati hilo hilo usiku linapoa haraka, na Julai ndipo utakapojua. Jina Diepsloot kwa Kiafrikana ni mtaro wenye kina, na hewa ya baridi ni nzito, hutiririkia mabondeni kama maji. Asubuhi unakuta sakitu kwenye nyasi za kando ya mto. Mwanza haijui kitu hicho.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaohamia huko: mkiweza, wekeni dari hata ya maboksi, acheni nafasi ya hewa kati yake na bati, fungueni madirisha ya pande mbili, na chumba cha matofali kikipatikana kwa nyongeza ndogo, lipeni. Radi ikianza, ondokeni uwanjani na chini ya mti. Mvua ya mawe ya Novemba 2013 ilivunja vioo vya magari Gauteng nzima, kwa hiyo msikae nje kuitazama. Na mto Jukskei msiuvuke kwa miguu jioni mvua ikinyesha upande wa Johannesburg, hata kama Diepsloot kwenyewe kukavu. Maji yale yanatoka mjini, yanapita hapo kwa kasi kuelekea mto Crocodile na Hartbeespoort, na yanafika kabla mawingu hayajafika.