Seli Inayong'aa Zaidi Ina Nini Zaidi?

Seli mbili ziko kwenye skrini, zote zimetiwa rangi ya kijani inayong'aa chini ya hadubini. Moja inawaka kuliko nyingine. Je, ina maradufu ya protini iliyotiwa rangi hiyo? Picha peke yake haijibu swali hilo. Picha huonyesha umbo na mahali: kiini kilipo, utando ulikopita. Anayetaka kujua kiasi lazima apime mwanga, na hiyo ni kazi nyingine hata kama hadubini ni ileile.

Tofauti hiyo ni ya zamani. Mwaka 1924, Mjerumani Robert Feulgen alitangaza njia ya kuitia DNA rangi ya zambarau nyekundu. Hapo DNA ikaonekana ilipo. Lakini ni nyingi kiasi gani? Katika miaka ya 1930, Torbjörn Caspersson wa Sweden alipitisha miali ya urujuanimno ndani ya seli na kupima iliyonyonywa, kwani asidi za nukleiki, DNA ikiwamo, hunyonya sana mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 260.

Mwaka 1950, Hewson Swift wa Marekani alipima mwanga uliopenya viini vilivyotiwa rangi ya Feulgen. Namba zikajipanga kwa makundi: kiasi fulani, mara mbili yake, hata mara nne. Macho yangedanganyika hapo, maana kiini kikubwa chenye rangi hafifu na kidogo chenye rangi nzito vinaweza kubeba DNA sawasawa.

Siku hizi kamera moja hufanya kazi zote mbili, kuonyesha na kupima, na hapo ndipo watu hunaswa. Picha ya biti 8 ina ngazi za mwanga kutoka 0 hadi 255. Nukta ya picha ikishafika 255 imejaa. Mwanga uongezeke mara tatu, namba haibadiliki. Anayetafuta picha ya jalada hukoleza rangi atakavyo, akaihifadhi kwa JPEG, wala hakosei.

Mpimaji hana uhuru huo. Sampuli zote huzipiga picha kwa muda uleule, huondoa mwanga wa usuli, na hutunza faili ghafi. Tena hufanya haraka, kwa sababu rangi nyingi zinazong'aa hufifia kadiri zinavyomulikwa. Picha zake mara nyingi ni za giza na hazivutii hata kidogo.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta picha mbili za seli zikilinganishwa kwa mng'ao, soma maelezo yaliyo chini yake. Yasiposema kwamba zilipigwa kwa mipangilio ileile, usikubali dai lolote la kiasi.