Kuteleza si Kuanguka: Kosa na Fursa katika Mwisho wa Mchezo wa Sataranji

Katika awamu ya mwisho ya mchezo wa sataranji, kete zilizosalia ni chache, na mfalme aliyekuwa akifichwa hutoka kupigana. Kwa kuwa kete ni chache, kosa huonekana wazi. Na kwa sababu iyo hiyo mchanganuzi hushawishika kulitaja kosa moja na kufunga daftari. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba kosa na fursa iliyopotea ni mambo mawili, na kwamba kuyachanganya ni kupotosha.

Mfano wetu ni mchezo wa kwanza wa kuwania ubingwa wa dunia baina ya Boris Spassky wa Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa bingwa, na Bobby Fischer wa Marekani, ulioanza Reykjavik, Iceland, tarehe 11 Julai 1972. Kufikia hatua ya 29, kila mmoja alikuwa na mfalme, askofu mmoja na askari sita. Sare ilikuwa mlangoni.

Hapo Fischer, mwenye kete nyeusi, akamtuma askofu wake kumla askari wa pembeni. Spassky akamsogeza askari mwingine mraba mmoja tu, na njia ya kurudi ikazibwa. Ni rahisi kulieleza tukio hili kwa methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Hata hivyo, methali hiyo yahukumu nia, nayo nia haionekani ubaoni. Wachanganuzi kadhaa wanaona kwamba huenda Fischer alikosea hesabu: alitarajia kumsukuma mbele askari wake wa pembeni ili askofu apate pa kutokea, asitambue kwamba askofu wa Spassky angesogea mraba mmoja na kumnasa tena.

Hatimaye Fischer alimtoa askofu wake kwa askari wawili. Akabaki na askari watano dhidi ya askofu na askari watatu. Wengi huipita sehemu hii haraka, ilhali ndiyo yenye funzo. Mfalme na askofu peke yao hawawezi kumfunga mfalme wa adui. Hivyo Spassky alihitaji kumhifadhi angalau askari mmoja hadi ageuke malkia. Uchambuzi wa baadaye umebainisha kwamba Fischer angali angeweza kupata sare. Aliipoteza fursa hiyo karibu na hatua ya 40, muda mfupi kabla ya mchezo kuahirishwa. Kesho yake, baada ya hatua ya 56 ya Spassky, alikubali kushindwa.

Kosa la kwanza, basi, lilikuwa la kustaajabisha, lakini la pili, lililo kimya, ndilo lililoamua matokeo. Sisi wahakiki tuna mazoea kama hayo. Tukisoma tanzia, tunaitafuta dosari ya mhusika katika sura za mwanzo, kisha tunayasoma yote yaliyosalia kama adhabu isiyoepukika. Twasahau kuuliza, katika kila hatua, ni mlango gani uliokuwa bado wazi.

Fischer hakufika kwenye mchezo wa pili, akawa nyuma kwa alama 2 kwa 0. Mashindano yalipokamilika, yeye ndiye aliyekuwa bingwa, kwa alama 12½ dhidi ya 8½. Anayehakiki kwa kuanzia kwenye hatua ya 29 na kukomea hapo hawezi kulieleza hilo.