Mama, Bima Yako Imelipiwa?

Wewe wa Kibokoni uliye jikoni ukichoma mahamri, na wewe bibi wa Mwembe Tayari unayelea wajukuu, karibuni. Leo tunazungumza juu ya bima ya afya, na hasa kosa moja: kudhani kwamba ukishajiandikisha, basi umelipa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mji wa Kale ana mimba ya miezi tisa. Alijiandikisha, akapata ujumbe kwenye simu, akatulia. Uchungu unamshika usiku, mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji. Karani anatazama kompyuta: jina lipo, mchango haupo. Sasa jamaa waanze kuchangishana saa nane za usiku.

Kwa nini? Tangu mwaka 1966 tulikuwa na NHIF. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kadi ya zamani haifanyi kazi tena. Linda Mama pia, iliyowalipia wajawazito bila mchango, iliingizwa humo ikaitwa Linda Jamii.

SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: mtoto ana homa au anaharisha, unampeleka zahanati au kituo cha afya. Hapo serikali ndiyo inayolipa. Wewe unatakiwa uwe umejiandikisha tu.

Wa pili ni SHIF. Huu ndio unaolipia kujifungua, kulazwa na upasuaji, pamoja na huduma za hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Pwani, ile wengi wetu tunayoiita Makadara. Mfuko huu unataka mchango. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, bima huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji.

Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, kama vile saratani.

Je, mchango ni kiasi gani? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiyeajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, maji na taa, kisha hupangiwa kiasi chake. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600.

Utasema, pesa hizo nitazitoa wapi kwa mara moja? Ni kweli, si rahisi. Ndiyo maana tunakuhimiza uanze mapema. Mimba ikiwa ya miezi mitatu, weka shilingi 20 kila siku kwenye kibubu au kwenye chama. Kwa siku 180 utafikisha 3,600. Ukipangiwa zaidi, ongeza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kama mumeo ameajiriwa bandarini au kwingineko na hukatwa mshahara, usitosheke na hilo. Hakikisha wewe na watoto mmeandikwa kuwa wategemezi wake. Mtoto mchanga naye aongezwe.

Mambo ya kukumbuka:

1. Bonyeza *147# kwenye simu ujiandikishe au uangalie kama mchango umelipwa. Weka kitambulisho karibu.

2. Kujiandikisha ni bure. Usimpe mtu pesa.

3. Ukikwama, muulize mhudumu wa afya wa mtaani kwako, au muuguzi siku ya kliniki.

4. Usiache kwenda kliniki kwa sababu hujalipa bima. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali ni bure.

Mama, leo kabla ya kulala chukua simu uangalie. Jibu ulipate ukiwa kwako barazani, si mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.