MCHEZO WA VYUMBA: KIJITI NA UDONGO VINATOSHA

Ndugu wakazi wa kambi, mchezo huu wa watu wawili hauhitaji ubao wala kete. Mfaransa Édouard Lucas aliueleza katika maandishi yake mwaka 1889, na watoto wa shule huucheza daftarini. Tafadhali msiuchore nyuma ya kadi ya chakula! Kadi iliyochorwachorwa inaweza kuwaletea matatizo siku ya mgao. Chini panatosha.

Toboa nukta 16 kwa kijiti, mistari minne ya nukta nne nne. Kila mmoja kwa zamu yake anaunga nukta mbili zilizo jirani, wima au mlalo, mshazari hapana. Ukipiga upande wa nne wa chumba, chumba ni chako. Weka kokoto ndani, halafu ni lazima upige mstari mwingine. Vyumba ni 9, kwa hiyo hakuna sare.

Mwanzoni usiwe wewe wa kupiga upande wa tatu, maana mwenzako atafunga. Ukikosa pa kupiga, mfungulie vyumba vichache vinavyofuatana, si vingi. Naye akikufungulia vingi, na vingine vingi bado vipo, usiingiwe na tamaa. Bakiza viwili vya mwisho: piga mstari upande wa nje, hivyo viwili vibaki vimeungana bila mstari katikati. Atavichukua vyote kwa mstari mmoja, kisha atalazimika kukufungulia vingine.

Mkishazoea, chora nukta 25.