Ukitaka Kupiga Gari Rangi Nyumbani

Gari likishatumika miaka mingi katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, jua na hewa ya chumvi huacha alama zao. Paa hupauka, boneti hubanduka magamba, na chini ya milango kutu huanza kuchomoza. Mwenye gari, hasa yule ambaye teksi yake ndiyo inayolisha watoto, husikia gharama za gereji, akaguna, kisha akajiuliza: kwa nini nisiifanye kazi hii mwenyewe uani?

Wazo hilo si baya, ndugu msomaji. Sehemu kubwa ya kazi ya rangi ni jasho la kusugua, wala jasho haliuzwi dukani. Lakini kabla hujafungua mkoba, yafaa ujue kwamba rangi za magari hazifanani. Aghalabu utakutana na aina tatu, na mojawapo yaweza kukudai pumzi yako.

Ya kwanza ni selulosi. Rangi hii ilienea viwandani huko Marekani katika miaka ya 1920, kampuni ya General Motors ilipoanza kutumia rangi ya Du Pont iliyoitwa Duco. Kabla ya hapo, kazi ya rangi ya gari moja iliweza kuchukua majuma kadhaa. Selulosi hukauka kwa njia moja tu: thina huruka hewani, rangi ikabaki. Kwa hiyo hukauka upesi, vumbi halipati nafasi ya kunasa, na ukikosea waweza kusugua na kurudia. Ndiyo rangi inayomsamehe mwanafunzi. Hata hivyo, hutaka mikono mingi myembamba, na mng'aro wake hupatikana baada ya kusuguliwa kwa polishi. Gari dogo la saluni humaliza yapata lita 4 hadi 5 kabla ya kuchanganywa na thina.

Ya pili ni rangi ya sinthetiki, yaani enameli. Hii hukomaa kwa kunyonya oksijeni ya hewa, tena polepole. Bei yake ni nafuu, na hung'aa yenyewe bila polishi. Lakini wakati inakauka, kila mbu na kila chembe ya vumbi la mtaani hutua juu yake na kubaki humo. Kwa lori au trela inafaa. Kwa gari unalotaka lipendeze, fikiri mara mbili.

Ya tatu ni rangi ya kuchanganywa na hadna. Kwa ubora hii inazizidi hizo mbili. Rangi na hadna hushikana kikemikali, zikawa ngozi ngumu isiyojali petroli wala jua kali. Magereji mengi huitumia, ama kwa rangi yenyewe ama kwa vanishi ya juu inayofunika rangi za metaliki. Basi kwa nini isiwe ndiyo chaguo lako?

Hapa ndugu msomaji tunakuomba usome taratibu. Hadna ya rangi hizi kwa kawaida ina kemikali ziitwazo isosayanati. Zikipulizwa, hugeuka ukungu mwembamba unaoingia mapafuni, na zinajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini kwa mafundi rangi. Ubaya wake ni kwamba pua haitoi onyo, kwani zinadhuru hata pale ambapo huzinusi. Tena, mwili ukishazikataa mara moja, baadaye hata kiasi kidogo kabisa huweza kuleta shambulio, na fundi akalazimika kuiacha kazi yake kwa maisha. Kitambaa puani si kinga. Barakoa ya vumbi si kinga. Fundi anayezipuliza hutakiwa kuvaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Uani, ambako jirani anapika na watoto wanacheza, hata fundi akivaa kifaa hicho, hao wengine watavuta nini?

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Ikiwa unataka rangi ya hadna, fanya nyumbani kazi ya maandalizi: kugonga mabati, kuondoa kutu, kupaka pati na kusugua. Kisha peleka gari kwenye gereji yenye chumba na vifaa, wapulize wao. Utakuwa umepunguza gharama bila kupunguza umri. Ikiwa huna budi kupuliza nyumbani, selulosi ndiyo inayofaa. Nayo si maziwa: vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, watoto wawe mbali, na pasiwepo jiko, sigara wala cheche yoyote, kwani mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuufuata moto ulipo.

Kabla ya kununua, chunguza rangi iliyomo. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina ya selulosi, usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi, basi ni selulosi. Rangi ikikunjamana, ni enameli. Ukiipulizia selulosi juu yake itaumuka kama maandazi, na itakubidi uikwangue yote. Isipofanya lolote, ni rangi ya hadna au ya kiwandani, nayo huweza kupokea selulosi ikisuguliwa vema.

Kusugua nako kuna ngazi. Pati huanza kwa msasa namba 80, kisha 180. Praima kwa namba 400, na mwisho namba 600 au 800 kwa maji. Maji hutuliza vumbi, jambo muhimu kwa rangi kuukuu za manjano na nyekundu, ambazo huweza kuwa na risasi.

Hali ya hewa nayo iheshimiwe. Thina inaporuka hupoza bati. Hewa ikiwa na unyevu, kama wakati wa masika, umande hutua juu ya rangi na selulosi hugeuka nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Subiri siku kavu, umande wa asubuhi ukishatoweka, na ufanye kazi kivulini.

Mwisho, ukitaka rangi ileile, tafuta kibati cha gari chini ya boneti au penye mlango. Kwa Toyota, kwa mfano, namba 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Ukibadili rangi kabisa, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo Mamlaka ya Mapato hapana budi iarifiwe.

Bati lililoharibika laweza kusuguliwa na kupakwa upya mara nyingi upendavyo. Pafu halina msasa wala praima. Chagua rangi ukilijua hilo.